Daftari la Funguo

Kwa miaka mitatu nilitunza kauntabuku moja lenye jalada gumu jeusi. Mwizi angelipata, angeweza kuingia kwenye mambo ya watu zaidi ya mia mbili wa Makere: maombi yao ya vyuo, ya mikopo, ya kazi, ya vyeti. Kila mstari ulikuwa na jina, imeili, neno la siri na namba ya simu. Nililiweka kwenye droo isiyo na kufuli, chini ya karatasi za fotokopi.

Steshenari yetu ilikuwa kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo: chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na benchi la kusubiria. Watu walikuja kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti, na hasa “kufanyiwa mtandao”. Sikumbuki hata mmoja aliyesema amekuja kujisajili. Kujisajili ni kazi mtu anayoifanya mwenyewe. Pale kwetu watu walisajiliwa.

Na ningewalaumu vipi? Anakuja kijana mwenye simu ya kitochi, anataka kuomba chuo. Fomu inadai imeili. Hana, kwa hiyo kabla ya kujisajili tunamsajili kwingine kwanza. Imeili nayo inataka namba ya simu na neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Kijana ananitazama. Namtungia: jina lake la kwanza, alama ya @, kisha mwaka. Aliyefuata nilimtungia vivyo hivyo, na wa tatu. Masharti yote ya usalama yalitimia, na bado mtu aliyelijua neno moja aliyajua yote.

Kisha majina. Sisi Waha tuna majina yenye sauti ambayo mwandishi mmoja huiandika bh na mwingine b. Karani wa cheti cha kuzaliwa alisikia hivi, mwalimu wa darasa la kwanza akasikia vile. Miaka kumi na minane baadaye mashine inasema taarifa hazifanani, nyota nyekundu inawaka, na mtu anarudi nyumbani kutafuta kiapo cha kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hata hivyo fomu nyingi zilizopita mikononi mwangu zilidai namba hiyo, kisha zikauliza tena tarehe ya kuzaliwa, kwa kuchagua kwenye orodha tatu. Mzee akikosea siku moja tu, fomu nzima hukataa. Kuna pia yale majaribio ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti: chagua picha zote zenye taa za kuongozea magari. Makere hakuna taa hizo. Mama mmoja aliniuliza kama wanaoishi penye taa ndio binadamu zaidi.

Siku nyingine alikuja kijana kutoka kambi ya Nyarugusu, ambayo imepokea Wakongo tangu 1996. Alitaka kujiunga na masomo ya bure ya mtandaoni. Kipengele cha mkoa wa kuzaliwa kilikuwa cha lazima, na orodha ilikuwa na mikoa ya Tanzania tu. Yeye alizaliwa Fizi. Tulikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Weka Kigoma, ndugu yangu, tuendelee.” Nikaweka. Fomu ilikubali uongo baada ya kuukataa ukweli.

Haya yote niliyasimulia kwa kucheka, mpaka mwaka 2021.

Alikuja binti aliyemaliza kidato cha sita. Hakuwa na simu; nyumbani kwao simu ilikuwa ya baba, na baba alikuwa shambani wiki nzima. Nikamwambia asijali, nikaandika namba yangu. Nilikuwa nimewafanyia wengi hivyo, na nilijiona msamaria. Siku ya mwisho ya maombi alirudi kukamilisha. Mimi nilikuwa Kigoma mjini kwenye msiba wa mjomba, simu imezima chaji tangu asubuhi. Mfumo ulituma namba ya uthibitisho ya kudumu dakika tano. Mwenzangu wa steshenari aliomba nyingine, na nyingine, na zote zikaja kwenye simu iliyozimika mfukoni mwangu. Binti alikaa kwenye benchi mpaka duka lilipofungwa. Saa sita usiku dirisha la maombi likafungwa.

Niliporudi nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti, akaniletea maji. Hakunilaumu. Alisema tu, “Mwanangu, basi atasubiri mwaka.” Ningependa angenigombeza.

Nimefikiria sana kosa lilikuwa wapi. Mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza Kenya, na mwaka uliofuata ilipofika Tanzania, hakuna aliyeulizwa imeili. Ulikwenda kwa wakala na kitambulisho na simu yako. Wakala alikusajili, na kwa kazi hiyo alilipwa kamisheni. Kisha wewe mwenyewe, kwenye simu yako, ukachagua namba ya siri ya tarakimu nne. Kazi ngumu ilibebwa na aliyelipwa kuibeba, lakini ufunguo ulibaki kwako. Nami nilikuwa wakala wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba funguo zote nilibaki nazo mimi.

Waliotengeneza fomu zile walidhani ugumu ni ulinzi. Lakini mlango ukiwa mgumu kupita kiasi, mwenye nyumba haachi kuingia kwake. Humpa jirani ufunguo, amfungulie.

Niliacha steshenari mwaka 2022, nikajifunza kutengeneza programu za mtandaoni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukurasa wa kuwaonyesha wakulima bei za maharage katika masoko ya karibu. Ungedhani nilikuwa nimejifunza. Fomu yangu ya kujisajili ilikuwa na vipengele kumi na kimoja, pamoja na jina la kati na sanduku la posta. Sikuvifikiria, nilinakili nilichozoea kukijaza.

Nikaipeleka Makere kuijaribu. Mama mmoja muuza maharage alifika kipengele cha tatu, akaweka simu mezani. “Kwa nini unataka kujua baba yangu aliitwa nani ndipo uniambie bei ya maharage?”

Sikuwa na jibu. Tanzania ilikuwa tayari na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na miongoni mwa misingi yake ni kutokusanya taarifa zaidi ya zinazohitajika. Lakini yule mama hakuhitaji sheria. Usiku ule nilifuta vipengele tisa. Bei sasa zinaonekana bila kujisajili kabisa. Anayetaka kutumiwa meseji bei ikibadilika anaandika jina analoitwa, kama anavyoliandika yeye, na namba ya simu. Namba ya uthibitisho inadumu saa nzima, maana simu huwa imepelekwa kuchajiwa dukani. Mengine tutauliza siku yatakapohitajika, na tutasema kwa nini.

Safari hiyo hiyo nilikwenda na kauntabuku. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikakata kila mstari kwa mkasi na kumkabidhi mwenyewe. Wengine walikuwa wamehama, wachache wamefariki. Mistari yao niliichoma.

Yule binti alikuwa nyumbani kwa likizo. Alikuwa amepata chuo mwaka uliofuata, kwa akaunti ile ile, baada ya kunipigia kwa simu ya baba yake nimsomee namba. Sasa alikuwa na simu yake. Alichukua kipande chake cha karatasi, akakisoma, akatabasamu kuona neno la siri. Tukakaa nje kwao tubadilishe yote. Mfumo ukasema: ili kubadili namba ya simu, namba ya uthibitisho itatumwa kwenye simu ya zamani.

Simu ya zamani ilikuwa yangu. Iliita mfukoni, ina chaji, nami nilikuwepo. Nikamsomea tarakimu sita, moja moja, naye akaziandika.