Mgeni wa Nani?

Mnamo mwaka 1331, Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier nchini Morocco, alilala usiku mmoja katika kisiwa cha Mombasa akiwa njiani kuelekea Kilwa. Usiku mmoja haumtoshi mtu kuujua mji. Hata hivyo, aliyoyaandika yanastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi anayefunga safari kwenda kusoma ugenini. Aliona misikiti iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi, na milangoni pake visima vya kina cha dhiraa moja au mbili. Aliyetaka kuingia aliteka maji, akaosha miguu, akaifuta mkekani. Jicho la mgeni huyo lilitua mlangoni.

Mlango ungali na uzito wake katika Mji wa Kale. Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Ulaya, Marekani, au hata bara ya Kenya yenyewe, hufika Kuze au Kibokoni akiwa na hati zake, na kama ni mtafiti, kibali cha NACOSTI. Karatasi hizo ni za lazima, na azipuuzaye atagongana na sheria. Lakini mtaa nao una kibali chake kisichoandikwa. Wazee walioketi barazani, vikombe vya kahawa tungu mkononi, humtazama mpita njia na kuulizana: huyu ni mgeni wa nani? Swali hilo halina uadui. Ambaye nyumba yake yajulikana amekwisha kupata ulinzi: akipotea vichochoroni ataelekezwa, akichelewa usiku atapewa kijana wa kumsindikiza, na mwenye tuktuk atamtajia nauli ya haki. Asiye mgeni wa mtu hubaki na simu mkononi akitafuta njia katika ramani, na mnyang'anyi humwona tangu mbali.

Kwa hiyo hakuna maana ya kuyatenga mambo mawili haya, usalama na heshima, kana kwamba moja ni la polisi na jingine la mavazi. Anayempiga picha mwanamke wa buibui bila idhini hajamvunjia heshima yeye tu. Habari zitauzunguka mtaa kabla ya Magharibi, na macho yaliyokuwa yakimlinda yatageuka. Mlango wa nakshi nao, hata upendeze vipi, ni mlango wa nyumba ya watu. Hodi hupigwa mara tatu. Isipoitikiwa, mtu huenda zake.

Kuna methali itajwayo mno katika suala hili: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Methali hiyo inapita kiasi. Mombasa haimdai mgeni ajifanye Mswahili. Msichana anayejitanda leso aingiapo nyumbani kwa watu ametimiza adabu. Anayejisingizia dini asiyoiamini amewadhihaki wenyeji wake.

Jambo gumu zaidi ni lile la mgeni kuondoka. Wasomaji wa jarida hili wanamjua Muyaka bin Haji, na wanajua kwamba diwani yake ilihaririwa na Hichens ikachapishwa mwaka 1940. Pengine wanamjua pia W. E. Taylor, mmisionari aliyezikusanya tungo hizo Mombasa katika karne ya 19. Lakini Taylor alikuwa mgeni wa nani? Aliyemsaidia kuzikusanya ni Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, na jina lake hupitiwa upesi mno madarasani. Miswada ya Taylor imehifadhiwa London. Ili kuisoma, mwanafunzi wa Mombasa hulazimika naye kuwa mgeni wa watu.

Taylor angeweza kujitetea kwamba kunakili mswada kwa mkono ni kazi ya miezi. Mwanafunzi anayemrekodi leo bibi wa Kibokoni akiimba nyimbo za vugo hana udhuru huo. Simu ile ile iliyoinasa sauti yaweza kumtumia mjukuu wa bibi nakala kabla chai haijapoa.