Bala, Mji wa Mbwa Wachungaji

Katika nchi ya Wales, iliyo magharibi ya Uingereza, kondoo ni wengi kuliko watu karibu mara tatu. Msafiri apitaye milimani huwaona wametapakaa juu ya majani kama pamba iliyomwagika. Apandaye basi katika mji wa Wrexham hupita Llangollen na Corwen, akilifuata bonde la mto Dee, hata afike mji mdogo uitwao Bala. Zamani gari moshi lilipita hapo, lakini reli ile ilifungwa katika mwaka wa 1965, na sasa abiria huja kwa barabara. Karibu na mji liko ziwa Llyn Tegid, lenye urefu wa kilometa 6 hivi, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya asili ya Wales. Wenyeji husema Kiwelshi majumbani na madukani, na Kiingereza wakiongea na wageni.

Mji huu una sifa moja ambayo wafugaji hawaisahau. Tarehe 9 Oktoba, 1873, bwana mmoja mwenye mashamba makubwa, jina lake R. J. Lloyd Price, aliwaalika wachungaji waje kushindanisha mbwa wao katika kuongoza kondoo. Mashindano yale yanahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Uingereza nzima. Mbwa kumi walishindana, na watu wengi wakaja kutazama. Wenyeji walitumaini ushindi utabaki nyumbani, lakini aliyeshinda alikuwa Mskoti aliyehamia Wales, pamoja na mbwa wake Tweed. Mashindano yakaenea kutoka hapo, na katika mwaka wa 1906 chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo kikaundwa.

Mbwa wanaosifiwa hivi huitwa koli wa mpakani, kwa sababu asili yao ni mpaka wa Uingereza na Uskoti. Wengi wao ni weusi wenye mabaka meupe, wembamba, wenye macho makali. Karibu wote wa leo ni wa uzao wa mbwa mmoja, Hemp, aliyezaliwa Northumberland katika mwezi wa Septemba, 1893, nyumbani kwa mkulima Adam Telfer. Mbwa waliomtangulia walikuwa wakibweka na kuuma kondoo miguu. Hemp alifanya kazi kimya. Aliwakazia kondoo macho, nao wakaenda. Watu wakaipenda tabia hiyo, wakaitafuta mbegu yake kila mahali.

Anayeitazama milima ya Bala huelewa mara moja kwa nini mbwa kama hao walitakiwa. Juu huko hapana ua wala seng'enge. Kondoo jike humfundisha mwanawe mahali pao pa kulisha, naye mwana hukaa papo hapo maisha yake yote, na desturi hiyo wenyeji huiita *cynefin*. Lakini wakati wa kukata manyoya, wa kuwatia dawa, au wa kuwatenga wana-kondoo na mama zao, hapana budi kondoo wote washuke bondeni. Ukungu huja ghafula, na mawe huteleza. Mchungaji mmoja mwenye mbwa wawili hodari huifanya kazi ambayo bila mbwa ingewachosha watu wengi kutwa nzima.

Lakini mbwa wa namna hii akikosa kazi, asili yake haifi. Watu wa mijini humpenda kwa uzuri na akili, wakamnunua angali mdogo, wakamweka katika nyumba isiyo na hata uwanja. Akikua huanza kufukuza baiskeli na motokaa, huwazunguka watoto na kuwauma visigino ili wasitawanyike, na mwingine hukifuata kivuli ukutani kutwa kucha. Mwenye nyumba husema, "Mbwa huyu ana wazimu," akampeleka kwenye nyumba za kutunzia mbwa waliotupwa. Nyumba za namna hiyo ni za siku nyingi katika Uingereza. Ile mashuhuri ya Battersea ilianzishwa London katika mwaka wa 1860. Mbwa huchukuliwa, hurudishwa, huchukuliwa tena, na kila mara sifa yake mbaya huzidi.

Akiponyoka akaingia shambani, hatari ni kubwa zaidi. Sheria ya mwaka wa 1953 humtia hatiani mwenye mbwa asumbuaye mifugo, na sheria ya mwaka wa 1971 humlinda mkulima aliyempiga risasi mbwa kama huyo, pasipokuwa na njia nyingine ya kuwaokoa wanyama wake. Basi ile hamu ya kondoo, ambayo kwa mbwa mmoja ni kazi na heshima, kwa mwingine ni kifo.

Katika shamba moja juu ya ziwa nilimwona mchungaji mzee ambaye hupokea mbwa wa namna hiyo mmoja mmoja. Aliyekuwa naye wakati huo alikuwa dume wa miaka mitatu, aliyekwisha kurudishwa na nyumba tatu. Waliomleta walisema wazi kwamba hapana nyumba nyingine iliyomtaka. Mchungaji alimpokea kwa sharti moja: akionyesha kwamba nia yake ni kuua, hatakaa penye kondoo.

Siku mbili za kwanza hakumwonyesha kondoo hata mmoja. Alimfundisha kulala chini kwa neno moja, na kuja aitwapo. "Mbwa asiyesimama hafai kuanza," aliniambia. Siku ya tatu alimfunga kamba ya meta 10, akamwingiza katika zizi la duara lenye kondoo watano, wakubwa na watulivu, waliokwisha kuzoea mbwa. Mbwa akaruka kama mshale. Akamkamata mmoja kwa manyoya ya paja.

Nilidhani atapigwa, au atafukuzwa siku ile ile. Mzee alikanyaga kamba, akajitia kati, akamlaza chini, akamtoa nje bila neno la hasira. Kisha akanieleza. Mbwa wote ni uzao wa mbwa mwitu wa zamani, na mwindaji huyo hufuata hatua zake: hutafuta, hukazia macho, hunyemelea, hufukuza, hukamata, huua. Wachungaji wa zamani, kwa kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi, walizikuza hatua za mwanzo na kuzififisha za mwisho. "Huyu alikamata kwa hofu na pupa," alisema. "Hajui afanye nini akiwafikia. Muuaji hukamata, kisha hurudi pale pale. Huyu alikamata akaachia, akatazama niko wapi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwokoa mbwa yule. Koli mwenye asili njema hutaka kondoo wawe kati yake na mchungaji. Basi siku ya nne mzee alikuwa akienda kulia, na mbwa akazunguka upande wa pili. Akaenda kushoto, na mbwa akazunguka tena. Kila alipowasogelea mno, mzee alimsukuma nje kwa mwili wake na kwa ncha ya fimbo iliyoelekezwa chini, wala hakumgusa. Alipokwenda mbali na polepole, aliachwa aendelee. Hakupewa nyama wala mkate. Ujira wake ulikuwa ruhusa ya kuendelea na kazi, na adhabu yake ilikuwa kuondolewa.

Ikafika saa ambayo kondoo mkubwa aligeuka, akapiga guu chini kumtisha. Mbwa akasimama. Akainamisha kichwa, akamkazia macho, akasogea hatua moja, kisha nyingine, kimya. Kondoo akageuka akaenda. Mzee alimwita mbwa papo hapo, akafunga kazi, maana somo refu huharibu lililokwisha kueleweka.

Kazi ilikuwa bado kubwa. Ilibaki kumfundisha kwenda kulia na kushoto kwa mluzi, kuzunguka mbali ili kondoo wasishtuke, kuwaleta polepole, na kumtenga mmoja katika kundi. Hayo huchukua miezi mingi. Wala si kila mbwa aliyeletwa pale amefaulu. Wengine huogopa kondoo, wengine hawana hamu nao, na wachache hawawezi kuacha kuuma. Hao hutafutiwa makao mengine mbali na mifugo, penye mchezo wa mpira au mbio ndefu. Mzee hamhesabu mbwa wa namna hiyo kuwa ameshindwa. Husema kwamba sasa angalau inajulikana alivyo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli kwamba mbwa mdogo hufundishika upesi. Lakini Bala yatuonyesha kwamba hata aliyekomaa na kuharibika huweza kunyoshwa, mradi mfundishaji aijue asili yake na awe na subira. Mfugaji wa Molo au wa Nyandarua, mwenye kondoo wake wa manyoya na mbwa abwekaye mlangoni mchana kutwa, anaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji fedha: amfundishe mbwa kusimama kabla ya kumfundisha kwenda, asimwache kamwe peke yake na kondoo wakati wa mafunzo, na aikomeshe kazi ingali inakwenda vizuri. Anayenunua mtoto wa mbwa naye yafaa aulize kwanza wazazi wake walifanya kazi gani, kwa maana kazi hiyo huja nyumbani pamoja naye, na asipopewa ataitafuta mwenyewe.