Blanketi la Kambi, Tisheti ya Bendera

Ninyi mliowahi kuishi Nyarugusu mnaijua ile sauti ya belo linapofunguliwa. Kisu kinakata kamba, nguo zinapumua, na kabla mwenye mali hajataja bei, mikono ishaingia. Mama yangu alikuwa na sheria tatu za mitumba. Kwanza, nusa. Pili, fua kwa maji ya moto, anika juani, halafu piga pasi ya mkaa pande zote mbili. Tatu, usiulize ilikuwa ya nani. "Ukiuliza, hautavaa," alikuwa anasema.

Kwetu Uvira, jirani na Bujumbura, tulizoea kusema chagua. Tulipovuka ziwa tukakuta Watanzania wanasema mitumba. Ndugu zetu walioangukia Nakivale wakatuambia huko ni mivumba. Na wazee wa Kigoma walikuwa na jina lao kali kuliko yote: kafa Ulaya. Yaani mwenyewe kafa huko, nguo zake ndizo zimekuja kutusalimia.

Ila kuna sheria ya nne ambayo Mama hakuitaja sokoni. Sisi wa nyumbani tu ndio tulioijua: usivae nguo yenye alama.

Yaya yetu, mzaliwa wa kwanza, alinunua jaketi la chagua tukiwa bado Kongo. Lilikuwa la kijani, lenye madoa kama majani makavu. Lilikuwa zito, la bei ndogo, na yeye alikuwa na safari ya usiku. Kwenye kizuizi cha barabarani walimuuliza wewe ni wa kundi gani. Abiria waliokuwa naye walisema alijibu, "Mimi nimeinunua sokoni." Walimshusha. Gari likaendelea na safari, na sisi hatukumuona tena. Tangu siku ile Mama hupindua kila nguo kabla ya kulipa: anatazama mgongo, kifua, mikono, hadi lebo. Ikiwa na bendera, herufi kubwa, ndege, simba, anairudisha.

Basi, miaka ikapita, majina yetu yakatoka, tukapanda ndege. Tukafikia Albury, mji wa Australia ulio kando ya mto Murray. Ng'ambo ya daraja ni Wodonga, jimbo lingine kabisa. Wakongomani tuko wengi hapa, usishangae kusikia Kiswahili kwenye foleni ya benki. Tulifika Julai, na Julai ya huku ndiyo baridi yenyewe. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, watoto wakadhani ni chumvi.

Wiki ya kwanza mama mmoja wa kujitolea akatupeleka kununua makoti. Mimi moyoni nilikuwa nimeshajiandaa: duka la vioo, nguo zenye plastiki. Tulipoingia tu, ile harufu! Naijua. Hata ukinifunga macho. Mama akasimama mlangoni.

"Tumetoka mbali hivi, tumepanda ndege tatu, kuja kuvaa mitumba?"

Wenyewe wanaliita opshopu. Nguo hazilali chini kwenye turubai, zinaning'inia kwenye henga, zimepangwa kwa rangi. Kilichomtuliza Mama ni kumwona mzungu mzee aliyevaa vizuri akijaribu viatu, na msichana mwenye simu ya bei kali akigombania sketi na rafiki yake. "Kumbe na wao wanachagua," akasema. Nikamnunulia koti la sufi kwa dola 8. Usiku alilifua, akalianika juu ya hita, akalipiga pasi pande zote mbili.

Miaka miwili baadaye binti yangu, wa darasa la nne, akarudi na karatasi kutoka shuleni. Kuna wiki ya kusherehekea utamaduni wa Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, inaitwa NAIDOC. Kitaifa inaanza Jumapili ya kwanza ya Julai mpaka Jumapili ya pili, lakini kwa kuwa shule zetu zinakuwa likizo, wao husherehekea kabla. Watoto waje na nguo za rangi nyeusi, njano na nyekundu.

Jumamosi tukaenda opshopu. Binti yangu ndiye aliyeiona: tisheti ya pamba, juu nyeusi, chini nyekundu, katikati duara la njano. Dola 4. Akaikumbatia. Mama akaipindua, akaona mgongoni hakuna kitu, akaigeuza tena mbele. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni bendera."

"Ndiyo Mama, ni bendera ya wenyeji wa hapa."

"Rudisha. Bendera ya watu haivaliwi na mugeni. Wenyewe wakimukuta nayo?"

Binti yangu alilia kuanzia dukani mpaka kituo cha basi. Nami nilikwama katikati. Ningesema, Mama, hapa hakuna vizuizi vya barabarani. Lakini je, ningejuaje? Tulikuwa tumeishi miaka miwili kwenye ardhi ya watu ambao sikuwa nimewahi kukaa nao na kunywa chai. Kila mkutano unaanza kwa kutaja kwamba hii ni nchi ya Wawiradjuri. Nilikuwa naitikia kichwa kama mtu anayesikiliza dua ya dini isiyo yake.

Nilinunua ile tisheti, nikaificha kwenye mkoba.

Alhamisi nilikuwa naenda kwenye kikundi cha ushonaji pale kituo cha jamii. Huja bibi mmoja Mwiradjuri ambaye sote tunamwita Auntie. Hilo lilinifurahisha tangu mwanzo, maana na wao mzee hamwiti kwa jina kavu. Ni Auntie au Uncle, kama sisi tunavyosema shangazi na mjomba hata kwa mtu tusiye na damu naye. Siku ile nikamvuta Mama twende wote. Nikatoa tisheti, nikaiweka mezani, nikauliza kwa Kiingereza changu cha kuchechemea: mtoto wangu akivaa hii, ni kosa?

Auntie hakujibu haraka. Akaitandaza, akainyoosha kwa kiganja, kama mtu anayepiga pasi. Halafu akaanza kueleza, nami nikawa namtafsiria Mama.

Bendera ilichorwa na Harold Thomas, msanii wa Kiluritja, mwaka 1971, na ilipepea kwa mara ya kwanza tarehe 9 Julai mwaka huo kule Adelaide. Nyeusi ni watu. Njano ni jua. Nyekundu ni ardhi, na ile ngeu wanayojipaka kwenye sherehe. Serikali iliitambua rasmi mwaka 1995. Lakini hata baada ya hapo, haki ya kuichapa kwenye nguo ilikuwa mikononi mwa kampuni. Waaborijini wenyewe wakitaka kutengeneza tisheti za kuuza walipaswa kuomba ruhusa na kulipa. Ikawa kelele kubwa nchini. Mwaka 2022 ndipo serikali ikainunua haki hiyo kutoka kwa mchoraji, na sasa kila mtu anaruhusiwa kuitumia.

Mama akauliza, "Ina maana na wao walikuwa wanaomba kibali cha kuvaa bendera yao?"

Nikatafsiri. Auntie akacheka kicheko kifupi. Akasema kibali ndicho walichokulia nacho. Zamani katika jimbo hili watu wake waliwekwa kwenye maeneo maalumu chini ya meneja wa serikali. Sheria ya mwaka 1909 iliipa bodi moja mamlaka juu ya maisha yao. Meneja aliamua nani aingie, nani atoke, nani apewe mgawo. Watoto wengi walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao. Waziri Mkuu wa nchi alikuja kuwaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008, na wengi waliokuwa wanaisubiri radhi hiyo walikuwa wameshazikwa.

Mama alinyamaza. Kisha akaniambia nimwambie Auntie kwamba sisi kambini nasi tulitoka kwa kibali. Na mgawo tulipanga foleni. Na tulipofika siku ya kwanza tulipewa blanketi la kijivu kila mtu, na mpaka leo lake liko kitandani, hakulitupa.

Neno blanketi lilipotoka, Auntie akaweka sindano chini.

Akatueleza kwamba wazee wake hawakuwa na blanketi. Walikuwa na vazi la ngozi za posamu, mnyama mdogo wa mtini, zilizoshonwa pamoja kwa mishipa ya kangaruu. Manyoya yanaelekea ndani, na upande wa ngozi unachorwa alama za ukoo na za nchi ya mwenyewe. Mtoto alifungwa kwenye ngozi chache, na kadiri alivyokua ziliongezwa nyingine. Mtu alizeeka na vazi lake, na mara nyingi alizikwa nalo. Walipokuja wakoloni na ardhi ikachukuliwa, uwindaji ukawa mgumu, serikali ikawa inagawa mablanketi. Blanketi likilowa haliikingi mvua kama ngozi. Watu wakalala na ubaridi, wakaugua. Mavazi ya kale yaliyobaki kwenye makumbusho ya Melbourne ni mawili tu, moja la mwaka 1853, lingine la 1872. Kutoka kwa hayo mawili, kuanzia mwaka 1999, wanawake wasanii walijifunza upya kushona, na leo kazi hiyo inafundishwa tena. Ngozi zinanunuliwa New Zealand, kwa sababu Australia posamu analindwa.

Sasa mimi sitaki kuwaambia kwamba sisi na wao tuko sawa. Si sawa. Sisi tulikimbia, nchi ikabaki nyuma. Wao hawakukimbia popote, ni nchi iliyovutwa chini ya miguu yao wakiwa wamesimama. Na nyumba niliyopewa mimi iko juu ya hiyo nchi. Hilo nalijua, na silijui la kulifanyia. Lakini niliona wanawake wawili wazee wasioelewana lugha wakizungumza kuhusu blanketi, na sikuwa na haja ya kutafsiri kila kitu.

Mwisho Auntie akamjibu Mama lile swali la kwanza. Mtoto avae. Alifurahi kwamba tumeuliza. Kwao kuna neno, yindyamarra: heshima, upole, kwenda polepole, kumpa mtu nafasi yake. Akasema kuuliza kabla ya kuvaa ndiyo hiyo hiyo.

Mama hakusema neno njiani. Usiku nikasikia bomba la maji ya moto. Alikuwa anaifua tisheti. Asubuhi ilikuwa imepigwa pasi pande zote mbili.

Julai yenyewe ilipofika tulikwenda sote kwenye sherehe ya mtaa, karibu na mto. Mzee mmoja Mwiradjuri akatukaribisha kwenye nchi yao, kwa lugha yao kwanza. Kuna kitu nilikielewa siku ile: anayekaribisha ni mwenye nyumba. Wengine wote, hata wazungu waliozaliwa hapa, tulisimama kwenye baridi kama wageni. Tangu tulipovuka ziwa, sijawahi kuwa mgeni kwa usawa namna hiyo.

Kijana mmoja alionesha picha za mwaka 1938. Tarehe 26 Januari mwaka huo, Wazungu wakisherehekea miaka 150 ya kufika kwao, Waaborijini walikutana Sydney kufanya Siku ya Maombolezo na kudai haki za uraia. Humo ndimo mizizi ya wiki hii ilimo. Kwenye picha wanaume wamevaa suti, wamenyooka. Mimi Mkongomani nikaelewa mara moja. Kwetu pia mtu anayenyimwa kila kitu huvaa vizuri, ili ukimdharau ujue ni wewe umekosea.

Kisha wakawasha moshi kwa majani mabichi, tupite ndani yake ili tuingie salama. Ulikuwa na harufu ya mikaratusi. Mnaikumbuka? Ile tuliyoijua kwenye majiko ya Kigoma. Kumbe mkaratusi asili yake ni huku Australia, ndio uliotutangulia Afrika sisi hatujui. Mama akapita kwenye moshi polepole, amevaa lile koti la dola 8, amemshika mkono mjukuu wake mwenye tisheti ya bendera. Upande wa pili akasimama, akashika bega la mtoto, akasema kwa sauti ndogo jina la yaya yetu. Miaka mingi sikuwa nimelisikia kinywani mwake.

Tisheti sasa imekuwa ndogo. Anayevaa ni mdogo wake, na baada yake itarudi opshopu. Huku nguo zisizouzwa nyingi hufungwa kwenye mabelo na kusafirishwa nje ya nchi. Kwa hiyo yawezekana siku moja, pale sokoni, kisu kikate kamba na wewe unayesoma hii uikute: juu nyeusi, chini nyekundu, duara la njano katikati. Usidhani ni jezi ya mpira. Ni bendera ya watu, na mtoto wetu ameivaa kwa ruhusa. Inuse, ifue kwa maji ya moto, ipige pasi pande zote mbili. Sheria ya tatu ya Mama hiyo ivunje, maana sasa unajua ilikuwa ya nani.