Kompaila Ilipokufa, Tuliifungua

Juma lililopita kijana mmoja ofisini kwetu alifiwa na kompaila katikati ya kazi. Ilimwandikia kwamba imepata kosa la ndani, ikamwomba atume taarifa kamili. Hakutuma. Alichukua kitu kilichokuwa hakina jina ndani ya mabano ya funksheni, akakipa jina, akakipandisha mstari mmoja juu, programu ikapita. Nilipomuuliza ni nini kilichoiua, alinijibu, "Mzee, si imeshapita?" Neno hilo limenikaa kifuani hadi leo.

Hitilafu ya jinsi hiyo niliwahi kuiona ikifunguliwa hadi ndani, hapa hapa Dar es Salaam, wakati disketi bado ni mali.

Tulikuwa kikundi kidogo katika chumba kimoja Kisutu, tukiandika kwa C++ programu ya hesabu za stoo. Chini yetu palikuwa na duka la mzee mmoja, fundi redio. Ukiingia ulipokelewa na moshi wa lehemu, harufu ya vumbi lililoungua ndani ya runinga zilizofunguliwa mgongo, na kahawa ya tangawizi iliyokuwa mezani kwake tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyetuuzia disketi. Alikuuzia mojamoja, na hakukukabidhi kabla ya kuijaribu kwenye mashine yake mbele ya macho yako, kwa kuwa unyevu wa Dar uliziharibu hata zikiwa ndani ya boksi. Faili lisiloenea katika megabaiti 1.44 tulilikata vipande, na kipande kimoja kikiharibika vyote vilivyobaki havina kazi. Mzee alilijua hilo. Alikuwa na daftari la maboksi yaliyotoa disketi mbovu, na aliyemuuzia boksi la namna hiyo hakurudi tena dukani pale.

Alikuwa mkali. Mteja aliyeleta redio na kusema imekufa aliulizwa, "Imekufa wapi?" Kisha mzee aliifungua, akagusa kwa bisibisi mguu wa kati wa kitasa cha sauti. Spika ikivuma, upande wa kukuza sauti ni mzima. Ugonjwa uko kuelekea eriali. Isipovuma, ugonjwa uko kuelekea spika. Kwa mguso mmoja nusu ya redio imetoka kwenye shaka. Halafu aliigawa nusu iliyobaki, akaigawa tena, mpaka akabaki na kijisehemu kimoja cha kung'oa. Sijaona tangu siku hizo mwalimu wa kutafuta makosa aliye bora kuliko yeye.

Siku kompaila ilipotufia, faili lilikuwa na maelfu ya mistari. Kiongozi wetu, dada aliyetuzidi sote kwa elimu na kwa subira, alitukataza kuhamisha mistari kwa kubahatisha. "Fanyeni kama mzee wa chini," alisema. Tukakata nusu ya faili. Inakufa bado? Basi nusu iliyotupwa haina hatia. Imepona? Irudishe, ukate penginepo. Tuliendelea hivyo mpaka ikabaki programu ya kuandikika kiganjani: aina moja, funksheni moja, na funksheni hiyo ikiitwa mara mbili katika usemi mmoja.

Hapo kosa likaonekana. Ukiita funksheni na kigezo chake ni kitu ulichokiunda palepale bila jina, kompaila hukitafutia nafasi, hukiunda, hukikabidhi, na usemi wote ukiisha hukivunja. Kigezo cha pili kikikwama kabla funksheni haijaitwa, kile cha kwanza kilichokwisha kuundwa lazima kivunjwe, na ambacho hakijaundwa kisiguswe. Hesabu hiyo ni nzito. Funksheni yetu ilikuwa na kigezo cha akiba: asiyeleta kitu chake apewe kipya cha muda. Kompaila iliutunza usemi wa akiba hiyo mara moja tu, kama mti, na kila mwito ulistahili nakala yake. Katika njia moja nakala haikufanywa. Miito miwili ikashika mti mmoja. Wa kwanza ulipotafsiriwa, maelezo ya kuunda yakafutwa kwa kuwa yameshatumika. Wa pili ukakuta pengo, na kompaila ikasimama.

Tiba ilikuwa mistari michache ya kunakili mti kabla ya kuutumia. Kazi ilikuwa kuijenga upya kompaila yenyewe. Za aina ile hujijenga mara tatu: iliyopo huzaa ya kwanza, ya kwanza huzaa ya pili, ya pili huzaa ya tatu, kisha mbili za mwisho hulinganishwa, zisitofautiane. Mgao wa umeme ukatukatia kazi njiani. Mzee wa chini akapandisha betri ya lori na inveta yake, akatuachia usiku kucha, wala hakutaka malipo. Asubuhi mfano wetu ulipita.

Nimeangalia tarehe. Bjarne Stroustrup alianza kazi iliyozaa C++ mwaka 1979 huko Bell Labs. Michael Tiemann aliitilia lugha hiyo katika kompaila ya GCC mwaka 1987. Kiwango cha ISO kilichoamuru kitu cha muda kivunjwe mwisho wa usemi mzima kilitoka mwaka 1998. Kabla yake kompaila moja ilivunja mapema, nyingine ilingoja mwisho wa bloku, na programu iliyopona hapa ilikufa kule.

Mengine yalikuja mbio. Mzee alifariki. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika mwaka 2009, disketi zikasahaulika. Jengo likabomolewa, pakasimama ghorofa la vioo. Toleo la C++ la mwaka 2017 limeondoa vitu vingi vya muda na kukataza vigezo viwili kuchanganywa wakati wa kuundwa. Kuna hata programu, C-Reduce ya Chuo Kikuu cha Utah, inayopunguza faili yenyewe usiku umelala. Wepesi wote huo tumepewa, na bado vijana wetu wanaipita hitilafu kando na kumwachia mwingine aikute. Inaniudhi, kwa sababu kompaila hizi tunapewa bure, na wanaozitunza wanaomba kitu kimoja tu: taarifa.

Kijana unayesoma haya, ikikufia, kata faili nusu kwa nusu mpaka libaki lile linaloua. Andika toleo la kompaila na amri uliyotumia, kisha uwatumie wanaoitunza. Wakilitibu kosa, mfano wako huwekwa kwenye majaribio yao, na kila badiliko linalofuata hupimwa kwa huo kabla ya kukubaliwa.