Nusu saa ya gitaa katika nyumba ya watu 11

Wengi wenu mnaniuliza kama mtu mwenye kazi, jamaa na mahangaiko ya hapa Goma anaweza kuanza kujifunza gitaa akiwa amepita miaka 30. Ninajibu ndiyo, mradi asingoje siku yenye nafasi. Siku hiyo hapa kwetu haiji.

Tangu mwezi wa pili 2024, vita vilipowakimbiza watu wa Sake, nyumba yetu ina watu 11. Dada yangu alifika na watoto wake, magodoro mawili na sufuria. Mkubwa wao ana miaka 14. Alikuwa amepoteza mwaka wa masomo, akawa mtu wa kukaa mlangoni na kutazama barabara. Gitaa langu likawa letu wawili, na muda wa kulipiga tukaugawana kama maji ya bidoni.

Kazi ya redio ilinisaidia. Kipindi cha dakika 30 hatukiingii hivihivi. Kuna karatasi inayosema salamu ni dakika ngapi, habari ngapi, muziki ngapi. Nikaandika karatasi ya gitaa vilevile:

Dakika 3: kuweka nyuzi sawa, mi, la, re, sol, si, mi. Gitaa lisilowekwa sawa linalifundisha sikio uongo.

Dakika 5: vidole peke yake, polepole, kimoja baada ya kingine.

Dakika 10: kubadili akodi mbili tu, kwa mfano do na sol, huku mguu ukihesabu moja hadi nne. Mwishoni tunahesabu ni mara ngapi tumebadili vizuri kwa dakika moja, tunaandika kwenye daftari.

Dakika 10: wimbo mmoja, ule ule juma zima. Pale unapokwama ndipo pa kurudia, si kuanza tena mwanzo kila mara.

Dakika 2: kupiga kile unachokijua tayari, ili uliweke gitaa chini ukiwa na furaha.

Nusu saa kila siku inashinda masaa 3 ya siku ya Mungu. Ngozi ya vidole inakomaa kidogokidogo. Ukiilazimisha siku moja unapata malengelenge, kisha unakaa juma zima bila kugusa uzi. Na akodi iliyokataa jana, mara nyingi inakubali leo baada ya usingizi.

Sisi Wakongomani tuna kishawishi chetu: sebene. Kila anayeanza anataka kukimbilia solo. Lakini katika bendi zetu magitaa yanagawana kazi: kuna akompa, kuna mi-solo, kuna solo. Anzia akompa. Mwenye solo bila mapigo ni kama mtangazaji anayesoma mbio: sauti unaisikia, habari huipati.

Tena vidole vichache si kilema. Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili huko Katanga, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka. Naye Franco Luambo, akiwa mtoto, alianza na gitaa alilojitengenezea.

Hilo la Franco ninalisema kwa ajili ya familia zilizo kwenye makambi na zile zilizopokelewa na jamaa, ambako gitaa halipo. Kwetu, mmoja akishika gitaa, mwingine hakai bure. Anapiga makofi ya mapigo, au anashika kipande cha ubao tulichokichora mistari 6 na kubadili akodi juu yake. Vidole vinajifunza njia hata pasipo sauti.

Haikukubalika mara moja. Dada yangu alisema, "Kaka, watu wanalia, ninyi mnapiga gitaa?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tukapanga: maji yachotwe kwanza, tumalize kabla ya giza, na siku jirani ana matanga gitaa linabaki ukutani, tunatumia ubao. Tangu hapo hajalalamika. Juzi, tulipochelewa, ni yeye aliyemwita mtoto: "Weye, saa yako ya gitaa inapita."

Juma hili mimi nimefikisha mara 17 kwa dakika. Mpwa wangu amefikisha 22. Namba yake aliiandika mwenyewe kwenye daftari, na tarehe pembeni kama wafanyavyo shuleni. Kisha akaniuliza, "Mjomba, kesho tunaongeza akodi gani?" Nimemwambia la ndogo. Nanyi mkitaka, anzeni na hizo mbili za kwanza, hata kama ni juu ya ubao.