Sumaku Iliyotupatanisha

Tunaishi Kilimatinde, wilayani Manyoni, na miaka yote ya ndoa yetu tumepikia kuni. Bibi wa watoto wetu alipoanza kukohoa kila tulipowasha moto, tuliona hatuwezi kungoja tena. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Nasi tukatenga fedha za alizeti.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baba alitaka jiko la umeme la sumaku, lile la kioo lisilo na mwali. Mama alitaka gesi.

“Baba watoto, hilo ni pambo la sebuleni.”

“Na wewe mke wangu unataka bomu jikoni!”

Tukapitisha siku mbili tukisalimiana tu.

Siku ya tatu tulitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, tukaipitisha kwenye vyombo vyetu. Jiko lile hupasha moto chombo kinachonasa sumaku tu. Sufuria zetu zote za alumini zilikataa, na chungu cha mboga pia. Birika la enameli pekee lilinasa. Tukatazamana, tukacheka. Kumbe kununua jiko lile kungekuwa kununua na sufuria zote upya! Tena ugali wa watu wanane husongwa kwa nguvu, na kioo hakipendi kugongwa. Umeme nao ukikatika, mboga hulala mbichi.

Tukachukua gesi. Lakini hofu ya baba haikuwa ya bure. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini. Kwa hiyo mtungi tumeuweka penye hewa, na maungio tunayapima kwa povu la sabuni. Tukisikia harufu tunafunga mtungi na kufungua milango. Hatugusi swichi wala kiberiti. Kila siku tunatia shilingi kidogo kwenye kopo, maana mtungi huisha bila kubisha hodi.

Maharage bado tunayachemsha kwa kuni, nje. Bibi bado hukohoa mara moja moja, lakini sasa hukaa nasi jikoni akichambua mchicha, na hilo tulikuwa tumelikosa siku nyingi.

Wapendwa akina mama, kabla hamjagombana na wenzi wenu juu ya jiko, tazameni kwanza sufuria mlizo nazo.