Saa Sita ya Roma

Kila Dominika saa sita ya Roma Baba Mtakatifu husali Malaika wa Bwana kwa Kilatini (wakati wa Pasaka, Malkia wa Mbingu), kisha huwabariki watu. Saa hiyo sisi makatekista wa Kasomeno tungali njiani kutoka vigangoni. Basi tuliitega simu inase sauti katika intaneti, jioni tupate kumsikilizisha mama mmoja mgonjwa, asiyeondoka kitandani.

Mara ya kwanza hatukuiwekea mwisho. Ikanasa usiku kucha, mega zote zikaisha. Kwa kilobiti 64 kila sekunde, saa moja hula mega 29 hivi. Tukaipa nusu saa tu.

Ikafika Dominika ya mwisho ya Oktoba. Siku ile Ulaya hurudisha saa nyuma. Sisi Katanga hatugeuzi. Saa sita ya Roma ikawa saa saba kwetu, na simu ilikwisha kujifunga. Nasi tulikuwa tukiisifu kwamba haisahau! Mama alishika rozari yake, akangoja, asisikie baraka. Alituuliza kama Baba Mtakatifu ni mgonjwa.

Sasa, mpaka saa za Ulaya zigeuke tena Machi, tunaitega saa saba kasoro dakika tano, ijifunge saa saba na nusu.